Nyuma ya Bi Harusi

Picha za harusi zilipofunguka kwenye kompyuta zikiwa nyeusi tititi, watu wote wa nyumba ile walishika vichwa isipokuwa mmoja. Msusi, aliyezipiga, alidhani kompyuta ndiyo mbovu. Aliinamisha kioo chake, akakiinua, akakifuta kwa upindo wa gauni. Picha zikabaki vilevile: gauni jeupe linaelea peke yake gizani, na hapa na pale meno ya mtu anayecheka.

"Labda bado zinaamka," alisema mama mkwe wake kutoka kwenye kiti chake karibu na dirisha. "Hata mimi nikiamka naanza na giza kwanza."

"Mama, tafadhali, leo usinichekeshe."

Mumewe alisogea nyuma yake, akatazama juu ya bega lake. Mtaa mzima ulimwita Stoo, kwa sababu ya kazi yake ya kutunza stoo ya kiwanda cha vigae. Alitazama picha moja baada ya nyingine, na kadiri zilivyozidi kuwa nyeusi ndivyo mabega yake yalivyozidi kushuka. "Pole, mke wangu," akasema, na sauti yake ilikuwa nyepesi kupita msiba wenyewe.

Ukweli ni kwamba Stoo hakuwa na stoo. Kiwanda kilikuwa kimempunguza kazi zamani, na kila asubuhi alitoka nyumbani na shati lililopigwa pasi na mkewe, akalivua kwenye ua wa mpishi mmoja wa shughuli, akafunga aproni. Alisugua masufuria, akabeba sahani kwenye kumbi za harusi. Hakumwambia mtu. Mama yake alikuwa akimtaja mbele ya wageni kama "mwanangu wa stoo", na mtu akishasifiwa hivyo, kusema ukweli ni kazi nzito kuliko gunia la vigae.

Sasa katika kumbi zote za mji, siku ya harusi hii alipangiwa ukumbi ambao mkewe alikuwa anapiga picha. Alimwona, kamera shingoni, anazunguka kati ya meza kama harusi ni yake, na akajibanza nyuma ya pazia la mlango wa jikoni. Lakini sahani hazijileti zenyewe. Ilibidi atoke. Alikuwa na njaa tangu alfajiri. Akaokota kipande cha nyama kwenye sahani ya mgeni aliyeshiba, akakitia mdomoni, na alipoinua macho, kamera ilikuwa imemwelekea. Ilimwelekea bi harusi, kwa kweli, aliyekuwa amemkumbatia bibi yake mzaa mama. Ila Stoo alikuwa nyuma yao palepale, shavu limevimba. Kwa hiyo giza lile lilikuwa zawadi, na alilipokea kwa mikono miwili.

"Si uzifute tu?" alisema. "Mwambie kamera iliharibika. Vyombo vya umeme hivyo, kila mtu anavijua."

"Nizifute?" Msusi aligeuka. "Na jina langu nalifuta na nini?"

Kosa lilikuwa lake na alishalijua. Pale saluni alizoea kuwaonyesha wateja misuko yao kwenye kioo kidogo cha kamera, nje barazani, juani, na ili waone vizuri alikuwa amekipandisha mwanga hadi mwisho. Basi ukumbini, kila picha aliyoichungulia kwenye kioo kile ilikuwa nyeupe kama mchana. Juu ya hayo, mama wa bi harusi alimkataza kummulika yule bibi, mama yake mzazi, kwa kuwa macho yake yalikuwa yametoka kufanyiwa upasuaji. Msusi akazima taa ya kamera na asikumbuke kuiwasha tena. Nalo gauni jeupe likaihadaa kamera ikadhani mwanga umejaa tele. Ilikuwa kazi yake ya kwanza ya harusi.

Simu ililia. Alikuwa Mama Famasi, mama wa bi harusi, mwenye duka la dawa na mwenye sauti isiyohitaji simu ili isikike.

"Msusi wangu! Picha?"

"Zinasafishwa, mama."

"Sikiliza. Mama yangu kalazwa tena, tangu jana hasemi. Nataka ile aliyokumbatiana na mjukuu wake. Hizo nyingine hata zikilala kwako wiki nzima, sina neno. Hiyo moja, kesho mchana napita kuichukua mwenyewe."

"Sawa, mama."

"Na kikundi chetu chote nimeshakiambia kapiga msusi wangu. Usiniaibishe, nami nisikuaibishe."

Simu ikakatika. Nusu ya vichwa alivyosuka Msusi vilikuwa vya wanawake wa kikundi kile.

*

Jioni ile alianza kujifunza. Kompyuta ilikuwa ya wifi yake, karani, aliyemwazima kwa masharti kama ya kuazima mtoto mchanga. Kandoni mwa picha kulikuwa na safu ya vidoti vya kuvuta, na kila kidoti kilikuwa na neno lake. Msusi alianza na kidoti cha mwanga, maana alichokosa ni mwanga. Alikivuta kulia.

Ukumbi mzima ulipauka. Nyuso zikawa na rangi ya majivu, ngozi zikajaa chengachenga kama mchanga, na gauni la bi harusi likapoteza lesi zake zote, likabaki karatasi tupu yenye kichwa juu.

"Huyu ni bi harusi," aliuliza mama mkwe, amevaa miwani, "au katolewa kwenye gunia la unga?"

"Ndiyo kwanza naanza, mama."

"Sijasema neno. Nauliza tu."

Alirudisha, akavuta tena, akarudisha. Stoo alikuwa ameketi nyuma yake na chai iliyopoa mkononi. Kila kidoti kiliposogea kulia, macho yake yalikimbilia kona moja ya picha, pale penye pazia, kutazama kama kuna kinachotokeza. Palitokea ukungu wa kijivu na kitu kama bega.

"Mke wangu, utaumiza macho bure. Picha ikishakufa imekufa."

"Mbona wewe ndiye unayetaka ife?" Alisema hivyo kwa uchovu tu, wala hakuwa na shuku. Lakini Stoo aliweka kikombe chini, akaenda kulala kabla ya kila mtu.

Msusi alizima kompyuta. Picha zote zilikuwa bado ndani ya kadi ya kamera; hakujua kuzihamisha na aliogopa kuzipoteza njiani. Aliichomoa ile kadi, akaiweka juu ya kabati ndani ya kifuniko cha kopo la mafuta ya nywele, mahali ambapo mtoto wao hafiki.

*

Mtoto hakufika. Aliyefika ni baba yake, kulipopambazuka, kabla hajavaa viatu.

Alifanya kazi asubuhi nzima na ile kadi kwenye mfuko wa suruali, chini ya aproni. Mbele yake kulikuwa na karai la maji machafu yenye mafuta, na mpango ulikuwa rahisi: kuidondosha humo, basi. Alitia vidole mfukoni, akaigusa, akavitoa. Alijiambia ni kwa ajili ya mama yake, ambaye presha yake haitaki habari za ghafla. Kisha akakumbuka jinsi mkewe alivyokuwa akijizoeza kushika kamera mbele ya kioo cha saluni, amebana viwiko kama alivyoelekezwa, anamwuliza, "Naonekana mpiga picha?" Akasugua sufuria lile hadi mwenzake akamwambia atalitoboa. Saa sita ilipokaribia aliomba ruhusa, akasema ana mgonjwa.

Nyumbani alikuta godoro limeinuliwa ukutani, nguo ziko sakafuni, na binti yake, Kijino, aliyeitwa hivyo tangu meno ya mbele yang'oke, amesimamishwa akitazama ukuta. Shavu moja lilikuwa jekundu.

"Amechezea kadi ya mama yake," alisema mama yake Stoo. "Nimempa kofi moja la adabu, na bado hataki kusema ameiweka wapi."

"Sijaigusa!" alilia Kijino, uso ukutani. "Nimesema sijaigusa!"

"Jana nani alipanda kiti kutafuta riboni? Mimi?"

Msusi alikuwa amekaa chini katikati ya nguo, nywele zimemtimka. Hata kulia alikuwa ameshamaliza. "Anakuja sasa hivi," alimwambia mumewe. "Nitamwambia nini yule mama?"

Hapo ndipo Stoo angesema. Mdomo ulifunguka kabisa. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na mtu akiwa amefika karibu na mwisho wake huongeza hatua moja zaidi. Alipiga magoti, akaingiza mkono nyuma ya kabati, akapapasa papasa, akautoa na kadi.

"Hii hapa. Ilianguka."

Msusi alimrukia, akamkumbatia shingoni, akasema asante, asante, baba wa watu, Mungu akuzidishie. Stoo alisimama ndani ya mikono ile akiwa mgumu kama mlango. Kule ukutani, Kijino aligeuka akamtazama. Hakuna aliyemwomba radhi. Bibi yake alimwambia tu aende nje akacheze, basi yameisha.

*

Mama Famasi aliingia kabla nguo hazijakunjwa. Alikalishwa kwenye kiti kizuri, ambacho kilikuwa kimoja. Alimpa Stoo mkono, akamtazama usoni, akamwuliza habari za kazi. Siku ya harusi Stoo alimwandalia sahani mara mbili na kumwondolea zote. Mama Famasi hakumjua.

"Mwanangu, mletee mgeni soda," alisema mama yake kwa fahari. "Huyu ndiye mwanangu wa stoo."

Stoo alileta soda na bilauri juu ya sinia, ameliweka kwenye kiganja kimoja, halitikisiki.

"Baba, unajua kubeba!" Mama Famasi alicheka. "Hata tone."

"Tumezoea vitu vya kuvunjika," alisema Stoo.

Alitaka kutoka, lakini mama yake alimwambia asubiri bilauri. Akasimama mlangoni na sinia lake.

Msusi alichomeka kadi. Aliifungua picha yenyewe, na Mama Famasi alipoiona akaweka soda chini taratibu. "Hii nini?"

"Bado haijasafishwa, mama. Nipe dakika."

"Mama yangu yuko wapi hapa? Namwona mwanangu. Mama yuko wapi?"

"Yupo. Yuko hapo kwenye kiza."

Msusi hakuwa na ujuzi wowote zaidi ya jana. Alijua tu kwamba kidoti cha mwanga kinaharibu gauni, basi alikiacha, akashuka chini yake, akajaribu kimoja, picha ikawa ya bluu. Akajaribu kingine, ikawa kali kama imechongwa. Mama Famasi alianza kupiga vidole kwenye mkono wa kiti. Kidoti cha tatu kiliandikwa vivuli. Msusi alikivuta kidogo, na gauni halikubadilika. Lesi zilibaki kila moja mahali pake. Kilichoanza kusogea ni giza.

Kwanza lilitoka sikio la bi kizee na hereni yake. Kisha shavu, limelazwa kwenye bega la mjukuu. Kisha macho, yamefumbwa kwa raha, na makunyanzi yote ya kicheko yakiwa na rangi yake ya haki, rangi ya mtu, bila majivu.

"Mama," alisema Mama Famasi. Sauti yake kubwa ilikuwa imekwisha. "Ndiye huyo. Ongeza, msusi wangu. Ongeza."

Msusi aliongeza, na furaha ilimpanda hadi kooni. Pazia likaonyesha maua yake. Mbele ya pazia zikatokea sahani, zimepangwa juu ya mkono wa mtu. Ikatokea aproni. Halafu kichwa, kimeinama kidogo kushoto, kama anavyoinama mtu mmoja tu duniani akitafuna kitu cha kuibia.

Mkono wa Msusi ulisimama.

"Imetosha, mama," alisema.

"Haijatosha. Kidevu cha mama bado kina kiza. Ongeza."

"Imetosha."

"Wewe, hii picha ni yako au yangu?"

Aliongeza. Hakuthubutu kutazama mlangoni. Mume ambaye yeye ndiye aliyemfulia na kumpigia pasi alikuwa pale kwenye kioo, shavu limevimba, vidole bado viko mdomoni, na macho yake yanamtazama yeye moja kwa moja.

"Ala! Na huyu?" Mama Famasi alisogea. "Hebu ona, anakula mabaki ya wageni! Nyuma ya mama yangu kabisa. Watu hawa hawana haya. Mfute."

"Sijui kufuta mtu, mama. Najua kuongeza na kupunguza tu."

"Basi mpunguze."

Msusi alivuta kidoti kushoto. Yule mtu akaanza kurudi gizani, aproni, sahani, kichwa. Na pamoja naye shavu la bi kizee, macho yake, hereni.

"Mama anazama!" Mama Famasi alimshika mkono. "Rudisha! Rudisha!"

"Wamekaa kwenye kiza kimoja," alisema Msusi. "Akitoka mmoja, wanatoka wote."

Stoo angeweza kuondoka. Mlango ulikuwa wazi nyuma yake. Akabaki na sinia lake. Alikuwa anamtazama mama yake, ambaye alikuwa ametoka kwenye kiti chake karibu na dirisha na kuinamia kompyuta, miwani imeshuka puani.

Mama Famasi alifyonya. "Basi mwache. Mwosha vyombo tu, nani atamjua?"

"Mimi namjua," alisema mama mkwe.

Aliivua miwani, akanyooka kwa shida, mkono kiunoni. "Namjua, nimemlisha kwa mkono huu. Huyo ni mwanangu. Na kama alikula alichoacha mgeni wako, basi mgeni wako alikuwa ameshiba na mwanangu alikuwa na njaa. Ni yule pale, ameshika sinia la soda yako."

Mama Famasi aligeuka mlangoni. Safari hii alimtazama Stoo kwa muda, kama anayetafuta alipomwona. "Samahani, mama," alisema mwishowe. "Sikujua."

"Hukujua. Hata mimi sikujua."

Msusi aliivuta picha hadi pale ilipofaa na akamtilia kwenye flashi aliyokuja nayo. Mama Famasi alilipa, akashukuru zaidi ya ilivyohitajika, akaahidi kumleta dada yake asukwe. Pale mlangoni, kwa kuwa aibu ilitafuta pa kutokea, alimbandika Stoo noti kiganjani. "Ya soda, baba." Stoo aliipokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, kama alivyofundishwa na mpishi. Alipotambua alichofanya, mgeni alikuwa ameshavuka barabara.

*

"Kwa hiyo mashati yale," alisema Msusi, "nilikuwa nayapigia pasi karai la masufuria."

"Nilitaka kukuambia."

"Ulitaka lini?"

Msusi aliifunga kompyuta ya wifi yake, akaikunjia waya wake, akautengeneza vizuri. Alikuwa na hasira, lakini haikuwa ile ambayo Stoo aliitarajia.

"Kuosha vyombo sikulaumu. Mimi naosha vichwa vya watu, vingine vina mba wa kutisha, na hela yake tunakula. Ungenieleza ningekucheka siku moja, tukamaliza." Aliinua kadi ya kamera kati ya vidole viwili. "Lakini hii haikuanguka nyuma ya kabati. Sehemu ile nilipapasa mwenyewe, mara mbili."

Msusi aliirudisha kwenye kifuniko cha kopo.

"Mtoto amepigwa kofi mbele yangu nami nikanyamaza. Na wewe ukasimama hapo, ukapokea asante yangu. Hilo sijui kulisafisha. Nenda."

Hakuuliza aende wapi. Kijino alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha nyuma, anapanga vizibo vya soda. Stoo aliketi kando yake, na kizingiti kilikuwa chembamba kwa watu wawili.

"Kijino."

"Abee."

"Ile kadi hukuipoteza. Niliichukua mimi."

Mtoto aliacha kupanga. Alipitisha ulimi kwenye pengo lake, anafikiri. "Kwa nini?"

"Niliogopa picha."

"Picha haing'ati."

"Haing'ati. Lakini niliogopa."

"Mimi nilisema sijaigusa," alisema Kijino, na midomo ikaanza kutetemeka upya. "Nilisema mara nyingi na hakuna aliyeniamini."

"Najua. Nisamehe, mwanangu."

Kijino alivikusanya vizibo vyake, akavitia mfukoni, akasimama. "Basi mwambie bibi."

"Nitamwambia."

"Sasa hivi."

Alimshika baba yake kidole kimoja, akamvuta. Stoo alikuwa mzito, na mtoto ilibidi aegemee nyuma kwa nguvu zake zote ndipo alipoinuka. Ndani, mama yake alikuwa amerudi kwenye kiti chake karibu na dirisha, bado ana uso wa mtu aliyetoka kumtetea mwanawe. Aliwaona wakiingia wameshikana, akatabasamu, na akasogea kidogo kuwapa nafasi.